Uzi: Kubadilisha rangi ya kitambaa kwenye picha bila kuua nakshi yake

#1 · Mleta uzi, Moshi

Wakuu, habari za jioni.

Naleta jambo hili kwa kirefu maana limenichukua siku tatu, na najua humu wapo wengi wanaotengeneza katalogi, mabango na kazi za mafundi cherehani ambao linawasumbua.

Mama mmoja anayeuza vitambaa Mbuyuni alinijia na shuka ya kimasai: nyekundu, mistari myeusi iliyokatana, na katikati mistari miwili myembamba ya buluu. Shuka hiyo hiyo anayo kwa rangi nne: nyekundu, zambarau, kijani na ya machungwa. Iliyokuwa wazi siku ile ni nyekundu peke yake, nyingine bado zimefungwa kwenye marobota. Akanipa vipande vidogo vya sampuli vya zile tatu, kila kimoja ukubwa wa kiganja, akaniambia, "Mwanangu, shuka ni ile ile, nibadilishie rangi tu, wateja wa lodge wanataka kuona zote nne."

Nikamjibu, "Sawa mama, kesho jioni." Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ambalo wengi wetu tunalifanya: nikafungua picha, Ctrl+U (dirisha la kubadilisha rangi na ukolevu), nikavuta kile kitelezi cha juu kinachozungusha rangi mpaka nyekundu ikawa kijani. Ilipendeza sana nikiitazama kwa mbali. Nilipomwonyesha, mama aliitazama kidogo tu akasema, "Mistari yangu ya buluu umeipeleka wapi? Hii yako ni nyekundu." Kweli. Gurudumu la rangi lina digrii 360: nyekundu ipo 0, kijani 120, buluu 240. Ukizungusha picha nzima kwa 120, nyekundu inakwenda kwenye kijani, na buluu nayo inahama hatua zile zile 120, inafika 360, ambayo ndiyo nyekundu. Mistari myeusi peke yake ndiyo iliyobaki salama, kwa kuwa nyeusi haina rangi ya kuzungushwa.

Basi nikachagua nyekundu tu, nikamwaga kijani juu yake. Mistari ya buluu ikapona, lakini kitambaa kikafa. Zile nyuzi, mikunjo, kile kivuli kidogo pale mstari mmoja unapopita juu ya mwingine, vyote vikafunikwa. Ilionekana kama karatasi ya manila iliyokatwa kwa umbo la shuka.

Hapo ndipo nililazimika kukaa na kufikiria picha ya kitambaa ni nini hasa. Nilichokipata ni hiki: nakshi na nyuzi hazikai kwenye rangi, zinakaa kwenye tofauti ya mwanga na giza. Jicho linaujua uzi kwa sababu upande mmoja una mwanga na upande wa pili una kivuli. Kwa hiyo kazi yote ni kuutoa mwanga ule peke yake, ukae kwenye leya yake (tabaka la picha), kisha rangi mpya ije kupita juu yake bila kuugusa.

Njia niliyoishia nayo, nikaona inafanya kazi kwenye programu za kuhariri picha za Photoshop, Photopea na hata GIMP, ni hii.

Picha ya asili usiiguse kabisa, iache chini. Itoe nakala. Kwenye nakala ua rangi ibaki nyeusi na nyeupe, lakini usikimbilie Ctrl+Shift+U (kuua rangi kwa mkato). Hapa ndipo penye utamu wenyewe, tusiparuke.

Picha ya kawaida ina chaneli tatu: nyekundu, kijani, buluu, na kila pikseli (nukta ndogo ya picha) ina namba kuanzia 0 hadi 255 kwenye kila moja. Nilipopima shuka yangu, sehemu nyekundu ilikuwa kama 190, 35, 40. Mstari mweusi ulikuwa kama 28, 22, 24. Ona basi: ukitazama chaneli ya kijani peke yake, kitambaa ni 35 na mstari ni 22, karibu vinalingana, kote giza na chengachenga tu. Ukitazama chaneli nyekundu, kitambaa ni 190 na mstari ni 28. Kitambaa kinang'aa, mstari umesimama wazi, nyuzi unaweza kuzihesabu. Nikatumia kichanganya chaneli (Channel Mixer), nikatia tiki pale pa monokromu, nyekundu nikaipa asilimia 100, nyingine mbili sifuri. Nikapata shuka ya kijivu safi kuliko nilivyotarajia.

Kwa kitambaa cha buluu ungechukua chaneli ya buluu, cha kijani vivyo hivyo. Chukua ile chaneli ambayo kitambaa chako kinang'aa zaidi.

Kisha leya ya rangi juu yake. Rangi niliichukua kwenye vile vipande vya mama. Zambarau yake ilikuwa 95, 40, 120. Jaza leya nzima kwa rangi hiyo, iweke kwenye modi ya malitiplai (Multiply), yaani namna ya kuichanganya na leya ya chini. Modi hii inafanya hesabu ya shule ya msingi: namba ya juu mara namba ya chini, gawanya kwa 255. Nyeupe ya chini inaiacha rangi ilivyo, nyeusi ya chini inabaki nyeusi, na vilivyo katikati vinapata kivuli chake. Nyuzi zote zinarudi.

Tatizo ni kwamba kitambaa changu cha kijivu kilikuwa 190, si 255. Piga hesabu uone: 95 mara 190 gawanya kwa 255 ni 71. Zambarau ya 95, 40, 120 ikashuka hadi 71, 30, 89. Ni giza, si ile aliyoishika mama mkononi. Dawa yake ni Ctrl+L (Levels, viwango vya mwanga) kwenye ile leya ya kijivu: kitelezi cha weupe kitoe 255 ukilete mpaka 200 hivi. Ile 190 inapanda hadi 242, na zambarau inakuwa 90, 38, 114. Hapo tumefika jirani kabisa na sampuli. Usikivute zaidi ya hapo, la sivyo sehemu zenye mwanga mwingi zinagonga 255 zote na nyuzi zake zinapotea.

Mwisho ni maski, yaani kifuniko kinachoonyesha sehemu fulani na kuficha nyingine. Nikaziweka leya mbili hizi, ya kijivu na ya rangi, kwenye folda moja, folda nikaipa maski inayoonyesha sehemu ya shuka tu na kuificha ile mistari ya buluu, ili buluu ya asili itokee kutoka chini. Mistari myeusi sikuhangaika nayo, malitiplai inaitunza yenyewe. Ukingo wa maski niliulainisha pikseli moja tu.

Faida yake ni kwamba kuhama kutoka zambarau kwenda kijani ni kubadilisha rangi ya leya moja, basi. Kazi iliyobaki ni ya dakika kumi kweli.

Naomba maoni, na mwenye njia bora aimwage hapa.

#2 · Mdau, Njiro, Arusha

Mkuu heshima yako, uzi umetulia. Ila naona unazunguka mlima wakati njia ipo. Mimi naweka leya ya rangi, naibadilisha iwe modi ya rangi (Color), ile ya pili kutoka chini kwenye orodha, namaliza. Nyuzi zinabaki zote. Nimefanya viti vya magari ya safari hivyo mwaka mzima.

#3 · Mleta uzi

Mkuu wa Njiro, nakuelewa, na hata mimi niliipitia. Modi ya rangi inachukua rangi na ukolevu kutoka juu, mwangaza inauacha kama ulivyo chini. Ukibadilisha kahawia kwenda kijani cha jeshi kwenye viti, vyote viwili vina mwangaza unaokaribiana, unapata kitu safi na hakuna haja ya kupita kwangu kote huko.

Lakini jaribu kubadilisha kitambaa cha njano kiwe buluu ya giza. Macho yetu hayaoni rangi zote kwa uzito mmoja. Kipimo kinachotumika sana kuhesabu mwangaza kinaipa nyekundu 0.299, kijani 0.587, buluu 0.114. Njano kali ya 255, 255, 0 ina mwangaza wa 226. Buluu kali ya 0, 0, 255 ina 29 tu. Sasa ukiiambia programu, "weka buluu ila mwangaza usiuguse," inalazimika kutafuta buluu yenye mwangaza wa 226. Buluu ya namna hiyo ni ile iliyopauka kama sare iliyofuliwa miaka mitano. Mteja aliomba buluu ya bahari kuu, unampa buluu ya mawingu.

Ukitaka kubaki na modi ya rangi, shusha kwanza mwangaza wa kitambaa kwa Ctrl+M (Curves), halafu ndipo utie rangi. Inawezekana, lakini utakuwa unakisia kwa jicho. Kwa malitiplai mimi napata namba ninazoweza kuzilinganisha na sampuli.

#4 · Mdau, Njiro, Arusha

Hapo umenipata mkuu. Kuna kiti cha rangi ya maziwa nilishindwa kukifanya cheusi, kikawa kijivu cha ajabu, nikadhani laptopu ndiyo mbovu. Kumbe nyeusi nayo ni mwangaza, si rangi.

#5 · Mleta uzi

Ndiyo hivyo. Nyeusi, nyeupe na kijivu modi ile haizioni kabisa kama rangi.

#6 · Dada fundi, Kaloleni, Arusha

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni fundi cherehani, kompyuta nimejifunza mwenyewe ili niwaonyeshe wateja gauni kabla sijakata kitenge. Nimefuata hatua za mleta uzi kwenye kitenge chenye maua mekundu kwenye ardhi ya kijani. Nilipoua rangi kwa ile njia ya kawaida maua yote yakazama, nikabaki na kijivu kitupu kama sufuria. Nimekosea wapi? Picha nimepiga mwenyewe na ni nzuri.

#7 · Mleta uzi

Dada, hujakosea, na swali lako limenifurahisha kwa kuwa ndilo linaloonyesha kwa nini nilisema tusikimbilie kuua rangi kwa mkato.

Tuseme ua lako ni 200, 40, 40, na ardhi ni 40, 120, 45. Njia nyingi za kugeuza picha iwe kijivu hutumia ule uzito wa #3, basi tuutumie. Ua: 200 mara 0.299 ni 59.8, ongeza 23.5, ongeza 4.6, jumla 88. Ardhi: 12 ongeza 70.4 ongeza 5.1, jumla 88 tena, ukiondoa vipointi. Rangi mbili ambazo hata mtoto hawezi kuzichanganya zimetoa kijivu kimoja. Maua hayo yalikuwa yamesimama kwa rangi peke yake, mwangaza wake ni sawa, ndiyo maana yakazama.

Kwa hiyo ile kauli yangu ya #1 kwamba nakshi inakaa kwenye mwanga, nairekebisha mbele yenu: nyuzi na mikunjo ndivyo vinavyokaa kwenye mwanga daima. Maua ya kitenge wakati mwingine yanakaa kwenye rangi tupu.

Ukichukua chaneli nyekundu, ua ni 200 na ardhi ni 40, maua yatasimama. Lakini kwa kitenge nisingekushauri kukibadilisha chote kwa pamoja. Kitenge hakina rangi moja, kina rangi tatu au nne, na kila moja ina kazi yake. Fanya moja moja. Chagua maua kwa kile kifaa cha kuchagua kwa rangi, tengeneza maski, humo weka kijivu cha chaneli nyekundu na leya ya rangi mpya. Kisha ardhi nayo na maski yake, na kijivu chake kitoke kwenye chaneli ya kijani. Kila rangi inachotewa mwanga kutoka chaneli inayoing'arisha. Ni kazi ya saa moja badala ya dakika kumi, ila ukishazitengeneza hizo maski unaweza kumwonyesha mteja rangi ishirini.

Angalia pia ile mipasuko midogo inayofanana na nyufa, ile inayotokana na nta kwenye vitenge vya wax. Inavuka kutoka ua hadi ardhi. Maski ikiwa na ukingo mkali itaikata katikati, na anayevijua vitenge ataona mara moja.

#8 · Dada fundi, Kaloleni, Arusha

Asante sana kaka. Nimejaribu maua tu kwanza, nimeyafanya ya dhahabu. Mikunjo imebaki, mteja amepiga kelele ya furaha. Ila pembezoni mwa maua kuna kijiwekundu kama ukungu hakitoki. Picha nilijitumia kwenye WhatsApp kutoka kwenye simu kwenda kompyuta.

#9 · Mdau wa steshenari, Moshi

Dada, ukungu huo nauona kila siku kazini. Faili la jpeg huwa linahifadhi mwangaza kwa ukamilifu kuliko rangi. Kwenye mpangilio unaotumika sana, rangi inahifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, maana yake kila pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwa macho ya kawaida huoni kitu. Siku ukibadilisha rangi ndipo unaona nyekundu ya ua ilikuwa imemwagikia kwenye pikseli za jirani. Na picha ikipita WhatsApp kama picha inabanwa tena juu ya kubanwa. Itume kama dokumenti, au chomeka waya.

Kwa uliyonayo tayari: panua maski pikseli moja au mbili kwenda nje, ili ile nyekundu iliyomwagika nayo ifunikwe.

#10 · Mleta uzi

Mangi wa steshenari, asante, hilo sikulijua kwa undani huo. Na mimi nitapanua maski yangu, mistari ile ya buluu ina ukungu huo huo.

Niongeze kuhusu kupiga picha yenyewe, maana nusu ya kazi inaamuliwa pale. Huku kwetu miezi ya Juni na Julai mawingu yanakaa juu ya mji siku nzima, na watu wanalalamika baridi, ila kwa picha za vitambaa hakuna mwanga mzuri kuliko huo. Ni mpole, hauna vivuli vikali. Nje ya miezi hiyo tafuta kivuli cha ukuta, juani usiende. Tena nyekundu ina tabia mbaya kwenye kamera za simu: chaneli nyekundu inajaa mapema hadi 255 wakati picha nzima bado inaonekana sawa. Ikijaa, nyuzi zimeshapotea kwenye ile chaneli unayoitegemea, hakuna programu itakayozirudisha. Gusa kioo kwenye shuka, vuta mwanga chini kidogo, ndipo upige.

#11 · Kijana wa chuo, Sakina, Arusha

Shikamooni wakubwa. Mimi sina hela ya Photoshop, laptopu yangu ina ramu ya giga 4. Hizi hatua nitaziweza kweli?

#12 · Mleta uzi

Marahaba kijana. Utaziweza. Photopea inafungukia kwenye kivinjari, haihitaji kusakinishwa, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Photoshop, na vifupisho vya kibodi karibu vyote ni vile vile. GIMP ni ya bure tangu ilipotoka miaka ya 1990, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limeleta filita ambazo unaweza kuzirudia na kuzirekebisha baadaye bila kuharibu picha, jambo tulilolililia miaka mingi. Kwa ramu hiyo punguza picha iwe na upana wa pikseli elfu mbili hivi, na usiache leya ishirini wazi. Ukikwama weka swali hapa hapa, usione aibu.

#13 · Mdau wa steshenari, Moshi

Nakumbusha kwa watakaoprinti. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino. Kuna kijani na machungwa kali zinazong'aa kwenye skrini ambazo wino hauzifikii. Kabla ya kuprinti kurasa arobaini, toa ukurasa mmoja mdogo wenye rangi zote nne, uulinganishe na sampuli ukiwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Usilinganishe chini ya taa ya tyubu.

Na kwa satini au ngozi ya sofa, malitiplai peke yake haitoshi. Ule mng'ao mweupe juu ya mkunjo huwa unatiwa rangi ya kitambaa na kitambaa kinapoteza mng'ao. Chukua sehemu zile nyeupe tu kutoka kwenye kijivu, ziweke leya ya juu kabisa kwenye modi ya skrini (Screen), uzipunguze nguvu hadi zikae vizuri.

#14 · Mleta uzi

Wakuu, mrejesho.

Leo saa nne asubuhi nimempelekea mama kurasa za majaribio. Tumesimama mlangoni, yeye na vipande vyake, mimi na karatasi. Nyekundu hakuisema. Kijani akaiweka karatasi kando ya kipande, akakubali. Zambarau akaitazama muda mrefu, akaigeuza kwenye jua, akakubali. Ya machungwa akaikataa. "Hii inaelekea udongo. Yangu ni chungwa lililoiva."

Nimerudi ofisini nikajua kosa ni langu. Kile kipande cha machungwa nilikipiga picha usiku, chini ya taa, vile viwili vingine nilivipiga mchana. Namba niliyoichukua ilikuwa ya taa, si ya kitambaa. Nimekipiga upya dirishani, nikakiweka kando ya karatasi nyeupe ili nisawazishe weupe kwanza, na namba imebadilika sana kwenye chaneli ya kijani. Sikugusa kitu kingine chochote, ni leya ile moja tu ya rangi.

Ananiambia hataki mteja wa lodge afungue robota akute rangi tofauti na aliyoiona kwenye katalogi, na hapo mimi na yeye tuko pamoja kabisa. Kesho asubuhi narudi Mbuyuni na ukurasa mpya. Dada wa Kaloleni, ukishaimaliza ardhi ya kitenge chako tuwekee hapa tuone ile mipasuko imevukaje.